Kitabu cha Bibi Beryl Markham, na Farasi Tusiokuwa Nao

Kitabu tunachotaka kukipima mwezi huu kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho chaitwa West with the Night, ambalo kwa lugha yetu twaweza kulisema Kwenda Magharibi pamoja na Usiku. Mwandishi wake ni Bibi Beryl Markham, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1902 na kuletwa Kenya angali mtoto mdogo. Kilipigwa chapa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1942, wakati wa vita. Watu wakakisifu kidogo, kisha wakakisahau. Mwaka 1983 kikapigwa chapa tena, na tangu hapo hakijakosa wasomaji.

Huenda msomaji akauliza, Kitabu cha bibi wa Kizungu, chenye habari za farasi na eropleni, chatuhusu nini sisi watu wa Kalangalala? Jibu la kwanza limo katika ukurasa wa kwanza kabisa. Kitabu chafunguka kwa maneno machache yaliyotolewa katika daftari ya rubani: tarehe 16 Juni 1935, safari kutoka Nairobi mpaka Nungwe, muda wa saa 3 na dakika 40. Nungwe hiyo si ya Unguja. Ni kambi ya wachimbaji dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria, pande zetu hizi, penye ghuba ambayo wavuvi wetu waijua usiku na mchana. Mchimbaji mmoja alikuwa amelala hoi kwa ugonjwa wa mapafu, na bibi huyu akaruka peke yake gizani kumletea chupa ya oksijeni. Basi kitabu kilichosomwa London na New York chaanzia mlangoni petu, na wengi wetu hatukuwa na habari.

Walakini sababu kubwa ya kukileta hapa ni nyingine. Katika mji wetu na vijiji vinavyouzunguka wamo watu wengi wenye miaka arobaini na zaidi ambao kazi waliyoijua imewaishia mikononi. Wengine wametoka mashimoni na kifua kibovu. Wengine ng'ombe wao wamekufa, au wamegawanywa kwa kesi. Wengine ni akina mama walioachwa na nyumba na watoto, wasiojua jembe washike wapi. Watu hawa hawaji kwa walimu kutafuta hadithi za kupitisha jioni. Waja kuuliza kama mtu aliyekwisha pita nusu ya njia aweza kuanza tena. Na baadhi ya wenzetu wanaojua Kiingereza huwasimulia kitabu hiki, wakisema ni habari ya mtu aliyeanguka, akainuka kwa kazi ya farasi. Basi tumekisoma mara mbili kwa ajili ya swali hilo, na hukumu yetu ni kwamba kitabu ni kizuri, lakini si kitabu kile wanachokisimulia.

Kwanza yatupasa kusema neno juu ya farasi mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumemjua kwa kusoma tu. Tumemsoma katika Kutoka, akizama pamoja na magari ya Farao. Tumemsoma katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, akinusa vita kwa mbali. Kumgusa shingo, la. Wala si kwamba wazee wetu walikuwa wavivu wa kumfuga. Mbung'o hakuwapa nafasi. Ugonjwa wa nagana, auletao mdudu huyu, humdhoofisha ng'ombe polepole hata akabaki mifupa. Farasi humwangusha upesi zaidi. Tena, hata pasipo na mbung'o, kuna ugonjwa mwingine wa farasi uenezwao na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, arukaye usiku. Na farasi wengi waupatao hawaponi. Ndiyo sababu farasi wa nchi hizi wamekaa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi, kama Njoro na Molo huko Kenya.

Kwa Wasukuma mambo ya mbung'o hayahitaji maelezo mengi. Serikali ya Waingereza iliweka Shinyanga idara ya kumchunguza mdudu huyu, mkuu wake akiwa Bwana Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya eropleni mwaka 1938. Baada ya vita ya pili ukaanza mpango mkubwa wa Usukuma, mwaka 1947, na vichaka vya Geita vikafyekwa ili watu na mifugo waliosongamana upande wa mashariki wapate kuhamia huku magharibi. Waliohamia hawakuwa vijana watupu. Walikuwamo watu wazima wenye wajukuu, waliofunga mizigo, wakaacha makaburi ya wazazi wao, wakaja kulala chini ya miti wasiyoijua majina. Hayo twayataja ili msomaji aone kwamba kuanza upya katika umri wa makamo si jambo geni lililoletwa na vitabu vya Wazungu.

Sasa tuje kwenye kitabu. Baba yake Beryl, Bwana Charles Clutterbuck, alifanya shamba huko Njoro, akaweka mashine za kusaga unga, akafuga farasi wa mbio. Mtoto akakua mazizini na porini, akicheza na watoto wa Kinandi, akijifunza kutupa mkuki na kuruka juu kama wao. Mwenzake mkubwa katika michezo hiyo alikuwa kijana Kibii, mwana wa arap Maina. Sura za utoto ni tamu, na moja yatupendeza kuliko zote: ile ya usiku ambao farasi jike, jina lake Coquette, anazaa. Msichana amekesha naye, anasikiliza pumzi yake, anatazama taa. Hata mtoto wa farasi anapotoka salama, baba yake anamwambia kwamba huyo atakuwa wake, naye akamwita Pegasus. Yeyote aliyewahi kukesha na ng'ombe mwenye uchungu, mkono ukiwa umefika kwenye kiwiko, ataisoma sura ile kama aliyeandikiwa yeye.

Kisha mvua zikakosa. Hapa ndipo penye jambo tulilolitafuta, na hapa ndipo mwandishi anapotuvunja moyo. Bwana Clutterbuck alikuwa amekwisha tia sahihi mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa. Nchi ilipokauka, bei ya nafaka ikapanda kuliko ile ya mkataba, hata kila gunia alilotoa likawa hasara yake. Angeweza kuuvunja mkataba, akajificha nyuma ya jua kali, na majirani wangemwelewa. Hakuuvunja. Alitoa unga mpaka wa mwisho, na mwisho wa unga ukawa mwisho wa shamba. Yule bwana, mtu mzima aliyekwisha tumia nguvu za ujana wake kuifyeka Njoro, akaondoka kwenda Peru, bara la Amerika ya Kusini, kuwa mfunzaji wa farasi katika nchi asiyoijua.

Huyo, ndugu zetu, ndiye mtu wa makamo aliyeanza upya kwa kazi ya farasi! Na mwandishi amempa kurasa ngapi? Chache mno. Tunamwona akizungumza na binti yake kwa maneno mafupi, akimwachia kuchagua kati ya kumfuata na kubaki, kisha anatoweka. Hatuambiwi usiku wake wa mwisho Njoro ulikuwaje. Hatuambiwi alivyofika Peru, wala kama watu wa huko walimcheka, wala ilikuwaje kuamrishwa na wenye farasi, yeye aliyekuwa akiamrisha. Yamkini binti hakuyajua yote. Lakini mwandishi aliyeweza kutueleza pumzi ya farasi jike gizani angeweza kumwuliza baba yake swali moja au mawili, akatuandikia majibu. Sisi twaona hilo kuwa pengo kubwa kuliko mapengo yote ya kitabu.

Badala yake twapewa habari ya msichana. Anampanda Pegasus, anabeba vitu vichache, anapanda kwenda Molo, na huko, akiwa na miaka karibu 18, anapata leseni ya kufunza farasi wa mbio. Sura hizi zimeandikwa vizuri sana, na yatupasa kuwa waadilifu katika kuzisifu. Kuna farasi mmoja dume, aitwaye Wrack, ambaye msichana amemlea mpaka amefikia nguvu zake zote. Na zikibaki wiki chache tu kabla ya mashindano, mwenye mali anamwondoa, kwa hofu kwamba mfunzaji ni mtoto. Msichana anabaki mikono mitupu. Ndipo anapopewa farasi jike, Wise Child, mwenye damu bora lakini miguu mibovu: kano zake zimeharibiwa na waliomkimbiza mno angali mchanga.

Hapa mwandishi anatufundisha kazi bila kujifanya mwalimu. Mguu wa farasi chini ya goti hauna nyama. Ni mfupa, ngozi na kano, na kano iliyovimba haiponi kwa kuharakishwa. Kila asubuhi yapasa kuupapasa mguu kwa kiganja ili kusikia kama una joto, maana joto hutangulia kilema. Kumkimbiza sana ni kumvunja. Kutomkimbiza kabisa ni kumleta uwanjani na pumzi fupi. Kati ya hatari hizo mbili kuna njia nyembamba, na msichana anaipita siku kwa siku, akihesabu kila hatua. Hata siku ya mbio inapofika, Wise Child anamshinda Wrack, nasi twaona ya kuwa ushindi ule haukutoka mbinguni kama mvua ya mawe. Wafugaji wetu wanaofunza maksai watalifahamu jambo hili upesi. Nao humfunga nira maksai mchanga pamoja na mkongwe aliyezoea, nao hutazama shingo kila jioni kama imechubuka. Anayelima na maksai mwenye kidonda analima msimu mmoja tu.

Lakini katika zizi lile la Molo palikuwa na mikono mingine, nayo tunataka kuitazama kwa makini kuliko mwandishi alivyoitazama. Kibii, yule mwenzake wa utotoni, sasa ni mtu mzima na jina lake ni arap Ruta. Amemtafuta mpaka Molo, na tangu siku hiyo yumo katika kazi: yu pamoja na farasi alfajiri, yu pamoja nao usiku, na baadaye, bibi huyo anapoacha farasi na kushika eropleni, Ruta naye anaacha farasi na kujifunza kuitunza mashine. Watu wa pwani wana neno la Kiswahili kwa mtu wa kazi hii ya kutunza farasi, ndilo saisi. Lakini Ruta ni zaidi ya saisi.

Mwandishi analijua hilo, na kwa haki yake twakiri kwamba amelisema. Kuna mahali pamoja anapokumbuka kwamba walipokuwa watoto walikwenda sambamba, na kwamba sasa Ruta anakwenda nyuma yake na kumwita Memsahib. Analisema kwa huzuni ya kweli. Kisha anaendelea na habari nyingine! Sisi hatuwezi kuendelea upesi hivyo. Yule msichana wa miaka 18 aliweza kuanza, kwa kuwa alikuwa na leseni, na nchi ile ya juu ilikuwa imetengwa kwa Wazungu, na wenye farasi walikuwa rafiki wa baba yake. Ruta alizaliwa katika nchi hiyo hiyo, alikuwa na mikono ile ile na ujuzi labda kuupita wake. Je, nani angempa yeye leseni mwaka 1920? Nani angemkopesha Wise Child? Mtu mmoja anaanza maisha, mwingine anaanza kazi ya kumsaidia yule wa kwanza kuanza maisha. Kitabu kimeupita mlango huo kikaona uko wazi kidogo, kisha hakikuingia.

Hali ni hiyo hiyo katika sura ya Nungwe. Twalijua jina la daktari. Twalijua jina la Mzungu mwingine, mgonjwa, azungumzaye na rubani usiku ule kabla hajafa. Lakini wenyeji wa kambi ile wanapita kama vivuli ukutani. Dhahabu haikujichimba. Kama walikuwako Wasukuma au Wazinza waliovuta moshi ule ule na vumbi lile lile mpaka mapafu yakaoza, chupa ya oksijeni haikuruka usiku kwa ajili yao. Hatusemi haya ili kumlaumu rubani, ambaye alikwenda alikotumwa na alihatarisha maisha yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Twasema kama wasomaji wa Geita, tunaoitazama picha iliyopigwa nyumbani kwetu tukitafuta uso wa mtu wetu.

Tuseme pia kwamba zile sura za kuwatafuta tembo kwa eropleni ili matajiri waje kuwapiga risasi hazikutupendeza. Mwandishi mwenyewe ana mashaka nazo, lakini si mashaka ya kutosha.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wasimulizi wetu wamelichanganya. Kweli Bibi Markham alianza upya kwa farasi akiwa mtu wa makamo. Lakini habari hiyo haimo kitabuni hata kidogo. Kitabu chamalizika na safari yake mashuhuri ya Septemba 1936, aliporuka peke yake kutoka Uingereza kuvuka bahari ya Atlantiki kwenda magharibi, kinyume cha upepo, akaanguka topeni katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, akiwa hai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka kwa namna hiyo bila kutua. Huo ndio utukufu wa kitabu, na ndio usiku wa jina lake.

Yaliyofuata twayajua kwa wengine walioandika maisha yake. Alikaa Marekani, akaolewa mara ya tatu, ndoa ikavunjika, fedha zikaisha. Karibu mwaka 1950 alirudi Kenya, miaka yake ikikaribia 50, sifa za eropleni zikiwa zimekwisha sahauliwa. Akarudi zizini. Baada ya miaka kadhaa ya kuanza kidogo kidogo, akawa mmoja wa wafunzaji wakubwa wa farasi wa mbio katika Kenya, akashinda Derby ya nchi ile mara kadhaa. Alikufa Nairobi mwaka 1986, akiwa na miaka 83, katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio. Na fedha zilizomsaidia uzeeni zilitoka katika kitabu hiki kilichofufuliwa mwaka 1983.

Tazameni basi: kuna kuanza upya mara mbili katika maisha yale, kwa baba na kwa binti, wote wawili wakiwa wamekwisha pita ujana, wote wawili kwa farasi. La baba limeguswa kidogo. La binti halikuandikwa kamwe. Kitabu kimeangaza asubuhi ya maisha kwa taa kubwa, na mchana wa saa nane, jua linapochoma na maji yamekwisha kibuyuni, kimeuacha. Labda mtu wa miaka 40 hapendi kusimulia yaliyomvunja. Bibi Markham alikuwa mwepesi wa kuficha: katika kitabu chote waume zake hawana nafasi, wala mwanawe wa pekee hatajwi. Twaheshimu haki yake ya kunyamaza. Lakini tusimpe mtu wa makamo kitabu cha msichana wa miaka 18 tukamwambia ni chake. Msichana akianguka huinuka na magoti yaliyochubuka. Mtu mwenye watoto watano akianguka, huanguka na nyumba.

Wasomaji waliosikia maneno ya mjini watauliza kama kweli bibi huyu ndiye aliyekiandika. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na wako wanaosema kalamu ilikuwa yake. Bibi Errol Trzebinski, katika kitabu chake cha mwaka 1993, ameshikilia hivyo. Bibi Mary Lovell, katika kitabu cha mwaka 1987, amemtetea Bibi Markham. Kesi hiyo hatutaikata sisi. Tunasema tu kwamba zile sura za farasi zina harufu ya zizi. Mtu ambaye hakuupapasa mguu wa Wise Child alfajiri hawezi kujua joto lile lakaa wapi. Kama palikuwa na mkono mwingine wa kuzipamba sentensi, na mahali pengine zimepambwa kupita kiasi, ujuzi ulikuwa wa bibi. Na sehemu ya ujuzi huo, twaongeza, ilikuwa ya arap Ruta, ambaye hakuna aliyeandika kitabu kumtetea.

Kwa kulinganisha, twataka kutaja kitabu kingine cha farasi, nacho ni Black Beauty cha Bibi Anna Sewell, Mwingereza wa zamani zaidi. Bibi huyu aliumia miguu angali msichana, akawa kilema maisha yake yote, hata akategemea gari la farasi kwenda popote. Alianza kukiandika kitabu chake mwaka 1871, akiwa na miaka 51, mara nyingi akiwa kitandani. Kikatoka Novemba 1877, naye akafa Aprili 1878. Hakuwahi kuandika kitabu kingine. Huo nao ni mwanzo wa makamo, tena wa mtu aliyekuwa na miezi ya kuhesabu.

Kitabu chake ni cha kitoto katika umbo, kwa kuwa farasi mwenyewe ndiye msimulizi. Wenye elimu nyingi hukidharau. Sisi twakiona kuwa na jambo ambalo West with the Night kimelikosa, ndilo hesabu. Bibi Sewell anahesabu gharama. Yumo mle mwenye gari la kukodi katika London, aitwaye Jerry Barker, mtu mwema mwenye mke na watoto, ambaye kila shilingi yake yajulikana itokako na iendako: malipo ya leseni, chakula cha farasi, saa za kungoja abiria katika baridi. Usiku mmoja wa mwaka mpya anangojeshwa kwenye theluji na mabwana wanaocheza karata, anaugua kifua, na kazi ya gari inamwishia. Je, anafanyaje? Bibi mmoja ambaye mkewe Jerry aliwahi kumtumikia anamwita shambani awe mwendesha gari wake, na nyumba anampa. Basi mwanzo mpya wa Jerry una mlango, na mlango una mtu aliyeufungua, na mtu huyo amefungua kwa sababu ya utumishi mwema wa mwanamke miaka mingi nyuma. Tena mwandishi hafichi kwamba mwanzo huo una hasara yake: farasi mpenzi lazima auzwe, na maisha ya farasi huyo yanaharibika tangu hapo. Tukisoma hayo twajua mambo mengi ya kumwambia mtu aliyetoka shimoni akikohoa. Twaweza kumwuliza, Nani anakujua? Mkeo alimtendea nani mema? Na ukiondoka, ni nani atakayebaki akilipa?

Mtu wa Kalangalala hatanunua farasi. Atanunua punda, ambaye ni ndugu wa farasi mwenye shukrani ndogo kutoka kwa wanadamu, lakini mvumilivu wa mbung'o na ukame kuliko yeye. Punda wawili na mkokoteni ni mtaji wa kweli katika mji wenye kiu ya maji, matofali na kuni. Ilikuwa karibu tupokonywe hata hao: yalifunguliwa machinjio ya punda Shinyanga na Dodoma, kwa ajili ya ngozi zipelekwazo Uchina kutengeneza dawa, na bei ya punda ikapanda kumshinda mchukuzi maskini. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikataza biashara hiyo. Laiti angetokea mwandishi wa kwetu akatuandikia habari ya mtu mmoja mwenye miaka 45 na punda wake wawili, kwa uangalifu ule ule ambao Bibi Markham aliutumia kwa mguu wa Wise Child! Punda naye ana kano. Naye huchubuka begani pale mkanda unapokaa vibaya, na jeraha lile laweza kumfilisi mwenye mkokoteni kwa wiki mbili.

Kwa wale wanaojua Kiingereza na kutaka kukisoma kitabu hiki, ushauri wetu ni huu. Waanze na sura za Njoro na Molo, kisha ndipo wairudie ile ya Nungwe iliyo mwanzoni. Kwa namna hiyo watamjua rubani kabla ya kupanda naye gizani. Sura za tembo waweza kuziruka bila hasara. Wanaowasomea wengine kwa sauti, kama wafanyavyo walimu wetu jioni, wasiifupishe habari ya mkataba wa unga. Waisome polepole, na kama wasikilizaji wakitaka kubishana kama Bwana Clutterbuck alifanya busara au upumbavu, wawaache wabishane mpaka taa izimike.

Na kama yuko atakayejaribu kukifasiri kwa Kiswahili, kazi ambayo ingefaa sana, tuna maombi mawili. La kwanza, aende pwani kutafuta maneno ya farasi, maana hatamu, lijamu na tandiko twayajua, lakini viungo vya mguu wa mnyama na mwendo wake mbalimbali vyahitaji maneno ambayo kwetu bara hayapo. La pili, kabla ya kuipeleka sura ya kwanza kwa mpiga chapa, afike Nungwe mwenyewe, akae na wazee wa pale siku mbili tatu, awaulize kama kuna aliyesikia kwa baba au babu yake habari ya eropleni iliyotua usiku ule, na ni akina nani waliosimama kando ya kiwanja.